Thamugadi (Timgad), Mji wa Kirumi wa Algeria, na Uaskofu Wake wa Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Thamugadi ni mji gani, na uko wapi?

Thamugadi ni mji wa Kirumi ulioanzishwa mwaka 100 baada ya Kristo, na magofu yake leo yanajulikana kwa jina la Timgad. Yapo kaskazini mashariki mwa Algeria, umbali wa kilomita 35 hivi mashariki ya mji wa Batna, katika uwanda wa juu unaozidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, chini ya miteremko ya kaskazini ya milima ya Aurès. Zama za Warumi nchi hiyo iliitwa Numidia. Ilikuwa nchi ya ngano na mizeituni, yenye baridi kali wakati wa kipupwe, na wenyeji wake walikuwa Waberberi tangu kabla Warumi hawajatia mguu huko.

Nani aliujenga, na kwa nini mahali pale?

Aliyeamuru ujengwe ni Kaisari Trajan, na waliobeba mawe ni askari wa Legioni ya Tatu Augusta (legioni ni kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi) chini ya kamanda wao Lucius Munatius Gallus, ambaye jina lake limo katika maandishi ya kuanzishwa kwa mji. Jina rasmi lilikuwa Colonia Marciana Traiana Thamugadi, likiunganisha jina la Kaisari na la dada yake Marciana. Makao makuu ya legioni yalikuwa Lambaesis, upande wa magharibi, mwendo wa siku moja kwa miguu, na barabara ya kutoka huko kuelekea Theveste ilipita hapo hapo, mbele ya njia zinazoshuka kutoka milimani.

Kwa hiyo mji ulikuwa na kazi mbili: kuwapatia makazi na mashamba askari waliomaliza utumishi wao, na kuangalia njia za Aurès. Vitabu vingi hutilia mkazo kazi ya pili. Kwa maoni yangu, magofu yenyewe yanaipa uzito zaidi ya kwanza, kwa sababu kabla miaka mia haijapita ukuta wa awali ulikuwa umeanza kumezwa na majengo, na tajiri mmoja wa mji, Marcus Plotius Faustus Sertius, alijenga jumba lake juu ya mstari ule ule wa ukuta. Watu wanaohofia adui mlangoni hawaachi boma lao ligeuke kiwanja cha nyumba.

Kwa nini mpangilio wake unasifiwa sana?

Kwa sababu ni nadra kuupata mpango wa Kirumi ukiwa umebaki wazi namna hii. Mji wa kwanza ulikuwa karibu mraba, wenye takriban mita 350 kila upande, umegawanywa kwa njia zilizonyooka kuwa vitalu vidogo vya mita 20 hivi kila upande. Barabara kuu ya mashariki hadi magharibi inaukata mji mzima. Ile ya kutoka kaskazini inaishia kwenye foro, yaani uwanja wa mikutano na mahakama. Mawe ya barabara kuu yamechimbwa na magurudumu ya mikokoteni, na michirizi hiyo ina kina kiasi kwamba mtu anaweza kuipima kwa vidole.

Ubora huo wa mpango ndio uliolifanya shirika la UNESCO kuiandika Timgad katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Hata hivyo, mraba huo ni mwanzo tu. Mji ulivyokua, vitongoji vipya vilijengwa nje yake bila kufuata mistari ile, na hekalu kuu la miungu ya Roma, lililokuwa kubwa kuliko yote, liliwekwa nje ya mraba, likiwa limeelekezwa upande wake lenyewe. Tao kubwa lenye milango mitatu na kimo cha mita 12 hivi, ambalo kila mtu huliita Tao la Trajan, nalo huhesabiwa na wataalamu wengi kuwa la baada ya Trajan.

Watu wa Thamugadi waliishi maisha ya namna gani?

Waliishi kama watu wa mji wa kati wenye mapato ya kilimo na fahari ya kuwa Warumi. Kulikuwa na ukumbi wa maonyesho uliochimbwa katika kilima, wenye nafasi za watu 3,500 hivi. Soko lililotolewa kwa mji na yule Sertius na mkewe. Na hamamu zaidi ya kumi. Mwananchi mmoja aliyeitwa Rogatianus aliacha sesterti 400,000, yaani sarafu za Kirumi, ili ijengwe maktaba ya watu wote, na ukumbi wake wa nusu duara, wenye vishubaka ukutani vya kuwekea vitabu, bado unaonekana. Maktaba za umma za Kirumi zilizothibitishwa kwa maandishi yake zenyewe ni chache mno, ndani na nje ya Afrika.

Katika foro kuna jiwe lililochorwa kwa ajili ya mchezo, lenye maneno ya Kilatini yanayosema kwamba kuwinda, kuoga, kucheza na kucheka ndiko kuishi. Wageni hulipenda jiwe hilo, na wengi huondoka wakiamini kwamba limewaeleza mji wote. Mji ule ule, baadaye, ulikuwa na watu waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya swali la nani mwenye haki ya kubatiza. Habari hiyo ndiyo inayojaza sehemu kubwa ya majibu yanayofuata.

Ukristo ulifika lini?

Siku yenyewe ya kufika haikuandikwa, lakini mwaka 256 Thamugadi tayari ilikuwa na askofu. Mwaka huo Mtakatifu Sipriano, askofu wa Karthago, aliwakusanya Karthago maaskofu zaidi ya 80 kutoka Afrika ya Kirumi ili wazungumzie ubatizo uliotolewa na wazushi, na miongoni mwa waliotoa kauli yumo Novatus wa Thamugadi. Alisema, kama wenzake, kwamba wanaotoka kwa wazushi na wafarakano wabatizwe katika Kanisa, kwa kuwa huko walikotoka hawakupata ubatizo wa kweli.

Kauli hiyo ni fupi, ila ina uzito. Roma ilishikilia mafundisho tofauti kuhusu jambo hilo, na maaskofu wa Afrika hawakusita kuyapinga wazi. Wazo kwamba utakatifu wa sakramenti unaambatana na usafi wa jumuiya inayoitoa lilikwishaota mizizi Afrika miaka hamsini na zaidi kabla halijawapasua Wakristo wake.

Wadonati walikuwa nani, na waligombania nini?

Chanzo ni mateso yaliyoanzishwa na Kaisari Diokletiani mwaka 303, ambapo viongozi wa Kanisa waliamriwa kuyatoa Maandiko Matakatifu yachomwe. Wapo waliokataa wakafa, na wapo waliokabidhi vitabu wakapona. Mateso yalipokwisha, swali lilikuwa moja: je, askofu aliyekabidhi vitabu bado ni askofu? Yapata mwaka 311 Caecilian aliwekwa kuwa askofu wa Karthago, na wapinzani wake, wakiwemo maaskofu wa Numidia, walidai kwamba mmoja wa waliomwekea mikono, Felix wa Aptungi, alikuwa amesaliti Maandiko. Wakamchagua askofu wao, Majorinus, na baada yake Donatus, ambaye ndiye aliyeacha jina lake kwa kundi hilo.

Kaisari Konstantino aliipeleka kesi mbele ya maaskofu, ikiwa ni pamoja na Mtaguso wa Arles wa mwaka 314, na kila mara hukumu ilikuwa dhidi ya Donatus na wenzake. Wao hawakukubali, wakaendelea kujiona kuwa ndio Kanisa la mashahidi. Numidia ikawa ngome yao. Kwa miaka mia moja miji mingi ya Afrika ilikuwa na maaskofu wawili, makanisa mawili na mabirika mawili ya ubatizo, huku imani inayoungamwa, Maandiko yanayosomwa na ibada inayoadhimishwa vikiwa karibu sawasawa pande zote mbili.

Wako wanaoeleza ugomvi huu kama vita vya maskini wa mashambani dhidi ya matajiri wa mijini, au vya Waberberi dhidi ya Warumi. Mambo hayo yalikuwamo, na kodi nzito na madeni viliongeza hasira. Lakini barua na hotuba za pande zote mbili zimejaa maswali ya ubatizo, usafi na Kanisa la kweli, na sioni sababu ya kudhani kwamba watu hao hawakumaanisha walichokisema.

Askofu Optatus wa Thamugadi ni nani, na kwa nini anatajwa sana?

Optatus aliuongoza uaskofu wa Kidonati wa Thamugadi kwa miaka kumi hivi, kuanzia mwaka 388 hadi 398, na katika miaka hiyo mji wake ulikuwa kitovu cha nguvu za Wadonati katika Numidia ya kusini. Alikuwa rafiki wa karibu wa Gildo, kamanda wa majeshi yote ya Kirumi Afrika, hata wapinzani wakampachika jina la Optatus wa Gildo. Kwa msaada wa askari wa rafiki yake aliwabana si Wakatoliki tu, bali hata Wadonati wenzake waliojitenga na kumfuata Maximian, na maaskofu wa miji ya Musti na Assuras, waliokwishajitenga, walilazimishwa kurudi.

Gildo alipoasi dhidi ya Kaisari Honorius mwaka 397, Optatus alibaki upande wake. Mwaka uliofuata uasi ulizimwa na Mascezel, ndugu yake Gildo mwenyewe, na Optatus akafia gerezani. Augustino, askofu Mkatoliki wa Hippo, alimtaja kama kilio cha miaka kumi cha Afrika nzima.

Msomaji akumbuke kwamba karibu yote tunayoyasoma juu ya Optatus yameandikwa na mahasimu wake, Augustino akiwa wa kwanza, na Augustino alikuwa akimtumia kama hoja: mkituambia kwamba mwenye dhambi hawezi kutoa ubatizo wa kweli, wale aliowabatiza Optatus mwawaweka wapi? Hoja ilikuwa kali, na ilikuwa ya haki. Lakini Thamugadi yenyewe imehifadhi ushuhuda mwingine. Katika mtaa wa magharibi, kwenye jengo lililo katika kundi la kanisa kuu, imepatikana mozaiki yenye maandishi yanayosema kwamba kazi hiyo ilimalizwa kwa agizo la Optatus, kuhani wa Mungu. Huko Hippo alikuwa aibu ya Afrika. Kwa fundi aliyepanga vijiwe vile alikuwa mchungaji wa mji wake.

Nini kilitokea baada ya Optatus?

Serikali ya Roma iliongeza sheria dhidi ya Wadonati, na mwezi Juni mwaka 411 mjumbe wa Kaisari, Marcellinus, aliwaita maaskofu wa pande zote mbili Karthago. Walifika zaidi ya 550 kwa jumla. Thamugadi iliwakilishwa na watu wawili: Faustinianus kwa upande wa Wakatoliki, na Gaudentius kwa upande wa Wadonati, ambaye alikuwa mmoja wa wasemaji saba waliochaguliwa na kundi lake, akiwakabili wasemaji saba wa Kikatoliki, Augustino akiwa miongoni mwao. Marcellinus aliamua kwamba Wakatoliki wameshinda, na makanisa ya Wadonati yakaamriwa kukabidhiwa.

Gaudentius hakukabidhi. Yapata mwaka 420 afisa wa serikali, Dulcitius, alimwandikia akimtaka alitoe kanisa. Askofu akajibu kwamba hatawalazimisha watu wake kubaki, wanaotaka watoke, lakini yeye na wanaomfuata watabaki ndani, na askari wakija kwa nguvu kanisa litateketea pamoja nao. Dulcitius alizituma barua hizo kwa Augustino, naye akaandika vitabu viwili vya kumjibu Gaudentius, akifundisha kwamba Mkristo hana ruhusa ya kujiua hata kwa jina la imani, na kwamba kifo hakimfanyi mtu shahidi, bali sababu ya kifo.

Mimi nakubaliana na Augustino katika hoja hiyo. Ila naona pia kwamba maneno ya Gaudentius hayasomeki kama ya mtu aliyerukwa na akili. Ni maneno ya mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kukabidhi vitu vitakatifu kwa askari ndiyo dhambi kuu kuliko zote, na sasa askari wamekuja kudai jengo lenyewe. Kosa lililolivunja Kanisa la Afrika mwaka 303 lilikuwa limerudi mlangoni pake likiwa na sura ya sheria ya mfalme Mkristo.

Je, makanisa yao yanaonekana bado?

Ndiyo, na ni ajabu kwamba wageni wengi hawafiki huko. Kundi kubwa zaidi, linalohesabiwa na watafiti kuwa kanisa kuu la Wadonati, liko nje ya mraba wa awali, upande wa magharibi. Kanisa lenyewe lina urefu unaozidi mita 60, na kando yake kuna sehemu ya ubatizo yenye birika la pembe sita, lililofunikwa kwa mozaiki mpaka kwenye ngazi za kushukia majini. Ukisimama ukingoni mwa birika hilo unaelewa jinsi ubatizo ulivyofanyika: mtu alishuka ngazi kwa miguu yake, akaingia majini, akapanda tena mbele ya askofu. Kwa jamii iliyogombana karne nzima juu ya nani anaweza kubatiza, si jambo dogo kwamba birika ndilo lililopambwa kwa uangalifu mkubwa namna hiyo.

Je, ni kweli kwamba Waarabu ndio walioubomoa mji?

Si kweli, ingawa jibu hilo huenea sana. Wavandali, watu wa Kijerumani kutoka Ulaya, walivuka kuingia Afrika mwaka 429 na kuiteka Karthago mwaka 439, na chini yao uaskofu uliendelea: mwaka 484 mfalme Huneric alipowaita maaskofu Wakatoliki Karthago na kuwapeleka wengi uhamishoni, orodha inamtaja Secundus wa Thamugadi. Mji ulikuja kubomolewa na Waberberi wa Aurès, kabla jeshi la Kaisari Justiniani wa Bizanti, yaani Dola la Kirumi la mashariki, halijafika. Mwanahistoria Procopius, aliyeishi wakati huo, anasema kwamba waliwaondoa wakazi na kuangusha majengo ili adui asipate mahali pa kupiga kambi karibu na milima yao.

Jenerali Solomon wa Bizanti alipofika mwaka 539 alijenga ngome kubwa kusini mwa mji, akitumia mawe aliyoyakuta, na maisha yakarudi kuizunguka ngome hiyo. Katika miaka ya 640 kanisa jipya lilitolewa wakfu na kamanda aliyeitwa Johannes wa Tigisi, na maandishi yake yanamtaja gavana Gregory, yule yule aliyeuawa mwaka 647 katika vita vya Sufetula dhidi ya jeshi la Waislamu. Kwa hiyo Waarabu walipoingia walikuta kijiji cha ngome na kanisa, wala si mji wa Trajan. Baada ya hapo Thamugadi ilitoweka polepole katika kumbukumbu za maandishi, udongo ukaifunika, na udongo huo ndio ulioihifadhi.

Magofu yaligunduliwaje?

Msafiri wa Kiskoti James Bruce, ambaye baadaye alikwenda Ethiopia kutafuta chanzo cha Nile ya Buluu, alifika mwaka 1765 na kuchora aliyoyaona juu ya ardhi. Uchimbaji wenyewe ulianza mwaka 1881 chini ya utawala wa Kifaransa, ukaendelea kwa miongo mingi. Kasi yake ilikuwa na gharama: wachimbaji wa mwanzo walitaka kuufikia mji wa Warumi, na mengi ya karne za mwisho yaliyokuwa juu yake yaliondolewa bila kuandikwa ipasavyo.

Je, uaskofu wa Thamugadi bado upo?

Upo kwa jina. Kanisa Katoliki halina jimbo hai Timgad. Eneo hilo leo limo katika Jimbo la Constantine. Lakini majimbo ya kale yaliyokufa huhifadhiwa katika orodha ya Kanisa kama majimbo ya cheo, na askofu asiyeongoza jimbo lake mwenyewe, kwa mfano askofu msaidizi au balozi wa Papa, hupewa mojawapo. Askofu wa namna hiyo hana waumini wala mamlaka huko, ila jina la jimbo linabaki likitamkwa.

Desturi hii imeligusa pia Kanisa la Afrika Mashariki. Joseph Kiwanuka wa Uganda, alipowekwa askofu wa Masaka mwaka 1939, wakati Masaka haijawa jimbo kamili, alipewa Thibica, iliyopo Tunisia ya leo. Maurice Otunga wa Kenya, aliyekuja kuwa Kardinali, aliteuliwa mwaka 1956 kuwa askofu msaidizi wa Kisumu kwa cheo cha Tacape, ambayo sasa ni Gabès, Tunisia pia. Wakristo wa kwetu wanaposikia majina hayo katika tangazo la uteuzi huyapitia haraka kana kwamba ni utaratibu wa ofisini. Ni makanisa halisi ya Afrika, yaliyokuwa na maaskofu wake, mitaguso yake na mashahidi wake.

Anayetaka kuzuru aanzie wapi?

Batna ndio mji wa karibu wenye nyumba za wageni, na nusu siku inatosha kwa mzunguko wa kawaida, ingawa mwenye shauku ya mambo ya Kanisa atahitaji siku nzima. Karibu na lango kuna jumba la makumbusho lenye mozaiki nyingi, na ni vizuri kuliona kwanza. Kisha fuata barabara kuu hadi kwenye Tao la Trajan, na usigeuke hapo kama wengi wanavyofanya. Endelea magharibi hadi kanisa la Wadonati, urudi kupitia kusini ili uione ngome ya Solomon, ambako mawe yenye maandishi ya mji wa kale yamepangwa ukutani bila mpango, mengine yakiwa yamewekwa kichwa chini. Kivuli hakuna, kwa hiyo wakati wa joto anza mapema asubuhi na ubebe maji ya kutosha.